Bakteria Rafiki: Ruzuku Isitangulie Ukaguzi

Mkulima wa pilipili huutambua mnyauko bakteria adhuhuri. Jua likipanda, majani hulegea. Jioni husimama tena. Baada ya siku chache hayasimami, na mmea hufa ungali kijani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi: utaona uzi mweupe kama maziwa ukichuruzika. Hao ni bakteria waitwao Ralstonia, walioingia kupitia vidonda vya mizizi na kuziba mirija ya maji.

Mmea ukishaambukizwa hauna tiba, na vimelea hawa huweza kukaa ardhini kwa miaka. Ndiyo maana chupa za bakteria rafiki, yaani wanaoukinga mmea dhidi ya vimelea, zinavutia, na swali linakuja lenyewe: je, ziingizwe kwenye ruzuku ya pembejeo?

Sayansi yake si ya kubahatisha. Bacillus subtilis na Pseudomonas fluorescens huwahi kukalia mizizi, hugombea chakula na madini ya chuma, hutoa sumu zinazodhoofisha vimelea, na huuamsha mmea ujikinge. Lakini mafanikio ya kwenye vyungu vya majaribio mara nyingi hupungua shambani, ambako joto, unyevu na udongo havimsikilizi mtafiti. Mahali pa bakteria rafiki ni kitaluni, mche ukiwa bado safi. Anayewamwagia pilipili iliyokwisha kunyauka anamwaga fedha.

Tena, bidhaa hii ina uhai. Bacillus hutengeneza spora zinazostahimili joto na ukavu. Pseudomonas hawana kinga hiyo. Chupa yao ikikaa miezi chini ya bati la duka, mkulima huenda akauziwa maji yenye lebo nzuri.

Kwa hiyo ruzuku isubiri. Kwanza wadhibiti wa viuatilifu, TPHPA nchini Tanzania na PCPB nchini Kenya, wachukue sampuli madukani na kuhesabu bakteria walio hai. Kisha watafiti wajaribu bakteria wa udongo wetu katika mashamba ya wakulima wenyewe.

Atakayesema mkulima hawezi kungoja ana hoja. Lakini yapo ya kufanya leo: miche safi, kung'oa na kuteketeza mimea iliyougua, kuzuia maji yasitoke shamba lenye ugonjwa, na kupokezanisha pilipili na mahindi badala ya nyanya, viazi au bilinganya, zinazowalisha vimelea walewale. Shamba lililotunzwa hivyo, bakteria rafiki wanaweza kuliongezea kinga. Lisilotunzwa hawataliokoa, hata wakigawiwa bure.