Taa zimesimama, moto haujafika

Ndugu musomaji, kila siku unapita chini ya taa mupya za barabara, nazo zingali giza. Unauliza: wanangoja nini? Kusimamisha nguzo ni kazi fupi. Inabaki kupitisha waya chini ya barabara, kupata umeme, na kupima muda wa kila rangi. Hapo ndipo watu wa barabara na watu wa umeme wanangojana. Huko Kinshasa, mwaka 2013, roboti za injinia Thérèse Izay zilipewa moto wa jua.

Kijana wa kinga, sikia: taa isiyowaka haimpi mutu njia. Mutii polisi. Kama hayuko, na kibao hakuna, anayetoka kuume apite kwanza.

Mama, usimwambie mutoto avuke pale "kwa sababu kuna taa". Lori la madini halisimami upesi.