Uwatu wa bibi na kipimo chake

Mwezi uliopita mama yangu alianguka jikoni, hapa hapa London, tukamkimbiza hospitali. Sukari yake ilikuwa imeshuka vibaya. Daktari kijana akamuuliza anatumia dawa gani. Mama akataja vidonge vyake vya sukari, basi, akanyamaza. Binti yangu aliyekaa pembeni akasema: "Bibi, na ule uwatu unaouroweka kila usiku?" Mama akamkata jicho. "Ile si dawa," kasema, "ile chakula tu."

Uwatu nao hushusha sukari. Ukikutana na vidonge, mtu anaweza kuanguka. Daktari hakusema kwamba uwatu peke yake ndio uliomwangusha, lakini alitaka ajue kiasi gani anakunywa. Hakuna aliyejua. Mimi mtoto wake sikujua.

Ndugu zangu, nimelifikiria jambo hili tangu siku ile. Wazee wetu waliotoka Unguja baada ya 1964, wengine wakaenda Muscat na Dubai, wengine wakaishia London na Portsmouth, hawakuja na mali. Walikuja na elimu yao: uwatu na pilipili manga kwa mzazi, mvuje kwa mtoto mchanga, habasoda kwa kifua, sanamaki kwa tumbo lililofunga, karafuu kwa jino. Elimu hiyo ilifundishwa jikoni, kwa kuona na kutumwa. Leo bibi yuko ghorofa ya nane, mjukuu yuko na simu yake, na Kiswahili chake kinaishia kwenye "njoo ule". Atatumwa nini, na atafundishwa kwa lugha gani?

Na mji wenyewe huu unajua thamani ya kurithisha. Mwaka 1673 chama cha wauza dawa wa London kilianzisha bustani huko Chelsea, karibu na mto Thames, ili vijana wanaofunzwa kazi waitambue mimea, ipi inaponya na ipi inaua. Bustani ile ipo mpaka leo. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja miaka ya 1870 na mwenyewe daktari, alipeleka mimea ya kwetu Kew. Kwa hiyo majani ya kwetu yamehifadhiwa Kew, safari ya treni tu kutoka nyumbani, lakini ujuzi wa bibi wa kuyatumia haukuandikwa popote.

Wapo watakaosema haya mambo ya kizamani. Basi nendeni duka la dawa lolote hapa mkaulize dawa ya choo kigumu. Mtapewa vidonge vya senna. Ndiyo ile ile sanamaki. Na mafuta ya karafuu madaktari wa meno wanayajua vizuri. Mwaka 2015 mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel kwa dawa ya malaria. Njia aliioneshwa na kitabu cha tiba cha zamani, kilichoeleza kwamba majani yarowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Hapo akafahamu kwamba moto mkali huenda ndio unaoiharibu dawa. Lau mwandishi wa kale angeandika jina la jani tu, bila namna ya kulitengeneza, Tu asingepata fununu ile.

Lakini tusidanganyane. Si kila cha bibi ni salama. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kumletea sumu ya hatari. Wanja wa asili mwingine una madini ya risasi, na mtoto akipakwa machoni humdhuru. Na ramli na kutafuta mchawi ni jambo jingine kabisa, tusilichanganye na majani. Kijana anayerithi bila kuuliza ni hatari sawa na kijana anayedharau.

Kwa hiyo naomba hivi. Muwekee bibi simu mbele yake, rikodi. Muulize jina la kila kitu, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Ni mbegu, jani au gome? Kiasi gani, kwa siku ngapi? Nani asitumie: mja mzito, mtoto, mwenye sukari, mwenye presha? Na muulize lile tunalolisahau: lini yeye mwenyewe alikuwa anasema "hili si langu, mpelekeni hospitali"? Kisha nyumba ikiwa na kijana anayesomea udaktari au famasia, aikague ile orodha, na nakala ipelekwe kwa daktari wa bibi. Msione haya. Daktari asiyeambiwa hawezi kukukinga.

Mama amerudi nyumbani, alhamdulillahi. Binti yangu amenunua daftari. Usiku wa kwanza alimuuliza uwatu kiasi gani, mama akasema, "Kiganja changu." Mtoto akaleta mizani ya keki, akamwambia, "Bibi, mimina." Ikaja gramu 18. Mama alicheka mpaka machozi, kasema miaka sitini hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nyumbani kwenu yupo anayejua kipimo cha kiganja chake. Muulizeni leo, kabla hajalala.