Saa Moja ya Kusoma kwa Wafanyakazi wa Kasumbalesa

Ndugu zangu mnaofanya kazi Kasumbalesa, nanyi mnaoshuka hapo kila juma kutoka Lubumbashi, nanyi wenye ofisi, maghala na malori ambao riziki yenu inapita katika lango lile la mpaka wa Zambia, nina jambo moja la kuwaomba. Kila mwajiri wa mpakani, mkubwa kwa mdogo, awape wafanyakazi wake saa moja ya kusoma kila juma, ndani ya saa za kazi, na pesa ya mega za mtandao itoke mfukoni mwake.

Kwa nini kusoma? Chukua simu uliyo nayo mkononi. Hadi mwisho wa 2021, katika orodha ya dunia inayotambulisha bidhaa forodhani, simu hiyo iliwekwa fungu moja na simu zote za mkononi, hata zile za vibonyezo. Tarehe 1 Januari 2022 simu janja ikapewa namba yake yenyewe, 8517.13. Siku hiyohiyo droni zikapata kichwa chao, 8806, na taka za vifaa vya umeme zikapata chao, 8549. Orodha hiyo iko chini ya Shirika la Forodha Duniani. Imetumika tangu 1988, ina mafungu zaidi ya 5,000, na kila baada ya miaka mitano hivi hupitiwa na kubadilishwa. Toleo linalofuata litaanza tarehe 1 Januari 2028.

Kwa mpita njia hizo ni tarakimu tu. Kwa wakala wa forodha ndiyo kazi yenyewe. Shaba iliyosafishwa inayoshuka kutoka Kolwezi na Likasi ikiwa mabamba ni 7403.11. Kobalti ya hidroksaidi ni 2822.00. Salfa inayopanda kwenda migodini ni 2503.00, asidi ya salfa ni 2807.00, na unga wa mahindi tunaokula jioni ni 1102.20. Namba ikikosewa, kodi inageuka, faini inakuja, lori linalala. Likilala lori, dereva analala nalo, siku moja, siku tatu, anapikia chini ya trela, na kule Tunduma au Dar es Salaam kuna tajiri anayepiga simu kila asubuhi kuuliza gari lake liko wapi. Wengi wetu tumezoea kuilaumu foleni. Sehemu ya foleni ile, naamini, inaanzia kwenye karatasi iliyojazwa na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kuijaza.

Ingia katika ofisi ndogo ya wakala, zile zilizojipanga kando ya barabara ya N1. Kompyuta ni moja, watu ni wanne. Yule mwenye uzoefu ameketi, anaingiza tamko la mzigo katika Sydonia. Vijana wawili wa staji wamesimama nyuma ya kiti, wanafuata vidole vyake kwa macho. Mezani kuna kitabu cha tarifu kilichotolewa fotokopi, kingo zake zimelika, pembeni mwa kila ukurasa kuna alama za kalamu za watu ambao wengine wao walishaondoka. Ndivyo kazi inavyorithishwa hapo: kwa kuchungulia. Mkubwa akiwa na haraka, siku hiyo hakuna somo. Akihamia Lubumbashi, ameondoka na shule yote.

Simdharau mkubwa huyo hata kidogo. Ana elimu isiyopatikana katika video yoyote: anajua wakaguzi wa OCC watauliza nini kabla hawajauliza, anajua karatasi ipi itakataliwa kwa sababu ya muhuri usiosomeka, anajua namna ya kusema na afisa wa forodha wa DGDA kwa heshima bila kujikunja. Lakini Sydonia yenyewe ni programu ya shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, CNUCED, iliyoanza kutengenezwa 1981 na kufanyiwa marekebisho tangu hapo. Hata ng'ambo, upande wa Zambia, wanaitumia. Wao huiita ASYCUDA. Chombo kinachobadilika namna hiyo hakiwezi kujulikana kwa kuchungulia mabegani mwa mtu. Kina sababu zake, na sababu lazima zifundishwe.

Na mafundisho yapo. Kituo cha Biashara cha Kimataifa kina shule yake ya mtandaoni, SME Trade Academy, ambako mtu yeyote anajiandikisha bila kulipa na kusoma kwa Kifaransa au Kiingereza habari za kuuza na kununua nje ya nchi. Ufaransa ina jukwaa la FUN tangu 2013, nalo lina masomo ya vyuo vikuu bila malipo. Maafisa wa forodha wana jukwaa lao la Shirika la Forodha Duniani, linaloitwa CLiKC!. Tena kuna mlango ambao sisi Wakongo bado hatujaubisha vya kutosha. Nchi yetu iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Katika Jumuiya hiyo mawakala wa forodha wana cheti chao cha pamoja, EACFFPC, kinachotolewa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato na shirikisho la wasafirishaji mizigo, FEAFFA; Dar es Salaam kinafundishwa katika Chuo cha Kodi. Wakala wa Kasumbalesa anahudumia kila siku mizigo iliyotoka bandari ya Dar es Salaam. Ni haki yake kupata elimu ileile aliyopata mwenzake aliyeifungulia mizigo hiyo njia kule bandarini. Vyama vya mawakala wa Haut-Katanga, ombi hili nalielekeza kwenu: andikeni barua, ulizeni masharti, daini kiti.

Basi kama masomo yapo, kwa nini vijana hawasomi? Wengine watakwambia ni uvivu. Mimi sikubali. Kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akakimbia na karatasi kutoka dirisha hadi dirisha mpaka giza liingie, si mvivu. Hana saa ya kusoma. Akirudi nyumbani umeme umekatika, simu imebaki na chaji ya kupokea simu mbili, na mega alizonunua amezimaliza kazini kwa kutuma picha za karatasi za bosi kwa WhatsApp. Somo la video la nusu saa linakula mega za siku nzima. Kumwambia mtu huyo asome usiku kwa gharama yake ni kumwekea elimu mahali asipofika.

Ndiyo maana nasema saa moja, ndani ya kazi, mega za ofisi. Ofisi yenye kompyuta moja inatosha: somo linapakuliwa mara moja, wote wanne wanalitazama pamoja, na yule mkubwa anakaa mbele yao, si pembeni. Video inasema kanuni; yeye anasema hapa Kasumbalesa kanuni hiyo inatendeka vipi. Kifaransa kikiwa kizito kwa mmoja, mwenzake anamweleza kwa Kiswahili chetu. Naamini kusoma kwa kikundi namna hii kunafaa watu wetu kuliko kila mmoja kujifungia na simu yake, maana kozi za peke yako watu huanza wengi wakamaliza wachache, na anayesubiriwa na wenzake Jumatano asubuhi hatoroki kirahisi.

Wazee wetu walifundishwa wakiwa kazini. Kampuni ya migodi Union Minière, iliyoanzishwa 1906, na baada yake Gécamines, zilikuwa na shule zao, karakana zao na walimu wao. Mtu aliingia akiwa mbeba nyundo, akatoka akiwa fundi wa mashine anayeheshimiwa. Mema na mabaya ya zama zile tunayajua, wala siyarembi. Ila Gécamines ilipoanguka, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa mnamo 2003 na 2004 katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, tulipoteza mshahara na tukapoteza pia desturi ya mwajiri kumfundisha mtu wake. Watoto wa wale walioondoka ndio wengi wa hao wanaokimbia leo na karatasi Kasumbalesa. Wamejifundisha wenyewe. Inatosha sasa.

Tena waajiri wenzangu, msiseme hakuna fedha, kwa kuwa mnalipa tayari. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ilianzishwa 1964, na kwa sheria kila mwajiri anaichangia sehemu ya jumla ya mishahara anayolipa, asilimia 1 hadi 3 kufuatana na ukubwa wa kampuni. Wangapi kati yenu mnaolipa mchango huo mmewahi kwenda INPP Lubumbashi kudai mafunzo kwa ajili ya watu wenu? Wengi wanauhesabu kama kodi nyingine tu, wanalipa na kusahau. Ule mchango ni karo. Umeshalipwa, mpelekeni mwanafunzi.

Nanyi wa INPP, tunajua kituo cha Lubumbashi kilijengwa upya kwa msaada wa Japani, na kina karakana nzuri. Lakini kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi ni kilometa 90 hivi, nauli kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Toeni masomo ya nadharia kwa simu, watu wayasome huku, kisha waiteni Lubumbashi kwa siku chache za vitendo. Mwanafunzi wa kuchomelea vyuma atasoma mtandaoni namna ya kuchagua elektrodi na mkondo wa umeme, lakini mkono wake utajifunza mbele ya moto tu.

Na kuna kazi ambazo nasema wazi kwamba simu peke yake haizitoshi, tena ni hatari kujidanganya. Kubeba asidi inayopita mpakani kwetu ni moja. Februari 2019, karibu na Tenke, lori la asidi lilipata ajali na basi, watu zaidi ya 15 wakafa, wengine wakaungua vibaya. Dereva wa mzigo kama huo, na msaidizi wake, na mlinzi wa pakingi anayelala mita 10 kutoka kwenye tangi, wanahitaji kufundishwa kwa mikono: kuvaa glavu, kufunga valvu, kujua watu wakimbilie upande gani na upepo unavuma wapi. Somo la simu litangulie, zoezi lifuate. Cheti kilichopatikana kwa kubonyeza majibu kisikubalike kwenye mzigo wa asidi.

Nisiwasahau mama zetu wanaovuka na unga, nyanya na vitunguu. Jumuiya ya biashara ya COMESA ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani, lakini anayefaidi ni yule anayeujua. Mama huyu hatakaa mbele ya kompyuta. Sauti ya dakika tatu kwa WhatsApp, kwa Kiswahili cha Katanga, ikimweleza leo bidhaa gani inapita, karatasi gani anaomba na kwa dirisha lipi, inaweza kumwokolea faida ya juma zima. Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache kutokana na mvutano juu ya vinywaji vilivyokatazwa kuingia Kongo, tuliona uvumi unavyokimbia kuliko tangazo. Vijana wenye ujuzi, wanafunzi wa Lubumbashi hasa, hii ni kazi mnayoweza kuianza bila kusubiri ruhusa ya mtu: mrekodi, mhakikishe na ofisi husika kwamba mnayosema ni sahihi, mtume.

Najua neno ambalo waajiri wengi wanalo moyoni: nikimfundisha atanihama. Baadhi watahama, kweli. Ila yule asiyefundishwa atabaki nawe na makosa yake, na makosa hayo unayalipa kila lori linapolala. Tena mwajiri ambaye jirani zake wote wanafundisha, akihamwa na mmoja atampata mwingine aliye tayari. Ndiyo sababu naomba jambo hili liwe la mpaka mzima, lisiwe la ofisi moja yenye roho nzuri.

Kwa wafanyakazi, onyo moja. Kuna watu wanaouza vyeti mtandaoni, unatuma dola kwa simu na karatasi inakuja bila somo. Epukeni. Na mtu yeyote anayejiita mwalimu akakuomba neno la siri la Sydonia la ofisi yako, mkatae palepale. Kozi ya kweli haina haja nalo.

Toleo jipya la orodha ya bidhaa linakuja 2028, na muda uliobaki unatosha ikiwa tutaanza mapema. Mwenye ofisi, kaa na watu wako juma hili, chagueni siku na saa, mkubwa wa kazi apewe kiti cha mwalimu, na somo la kwanza lipakuliwe. Mfanyakazi, kama bosi hajasema kitu hadi Ijumaa, mwendee kwa adabu ukamwombe wewe.