Kazi ya Umma Isikae Katika Diski Moja

Jioni ya Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha serikali cha kuhifadhi kumbukumbu za kompyuta mjini Daejeon, Korea Kusini. Ulianzia kwenye betri za lithiamu zilizokuwa zikihamishwa. Mifumo 709 ya serikali ilisimama, na 96 kati yake iliungua. Miongoni mwa iliyoungua ulikuwamo ule ulioitwa G-Drive, ghala ambamo kila mtumishi alitengewa nafasi ya gigabaiti 30 ya kuweka barua, hesabu na rasimu za kazi yake. Ziliteketea terabaiti 858 za kazi ya umma. Nakala ya pili ya ghala hilo haikuwako mahali popote.

Nchi hiyo haikukosa mitambo wala wataalamu. Ni miongoni mwa nchi zinazowauzia walimwengu vihifadhi vya kompyuta. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ghala lilikuwa kubwa mno, haliwezi kunakiliwa. Maelezo hayo hatuyakubali. Ikiwa mzigo ni mkubwa kiasi cha kutonakilika, basi haukustahili kurundikwa chini ya paa moja.

Lakini lililotuuma zaidi ni jingine. Walioumia kupita wengine ni watumishi wa wizara inayoshughulikia utumishi wa serikali, kwa kuwa wao walikuwa wameagizwa waweke kazi zao zote katika ghala hilo, nao wakatii. Baada ya moto walibaki wakiokoteza mabaki katika kompyuta za mezani, barua pepe na karatasi zilizokuwa zimekwisha kuchapwa. Mtu akiwaamuru walio chini yake waweke kila kitu mahali pamoja, wajibu wa kuhakikisha kwamba ipo nakala nyingine mahali pengine ni wake yeye, wala si wa karani.

Tukigeukia ofisi na shule zetu, hatuhitaji moto wa Daejeon ili tupate hasara. Diski ya kawaida ya kompyuta ni bamba linalozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele. Mtikisiko mmoja, au umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, unatosha kuiharibu. Hata katika vituo vikubwa vyenye ubaridi na uangalizi wa saa 24, diski moja hivi katika kila 100 hufa kila mwaka. Zile mpya zisizo na bamba hazina cha kuzunguka, lakini nazo hufa, mara nyingi bila kutoa dalili.

Sasa mfikirie mwalimu wa taaluma mwenye alama za wanafunzi za miaka mitatu katika kompyuta moja, na flashi anayotembea nayo mfukoni pamoja na funguo. Au ofisi ambamo orodha ya watumishi wanaokaribia kustaafu inajulikana na mtu mmoja tu, tena iko katika mashine yake. Siku ikigoma kuwaka, atakayesumbuka si mashine. Ni mzee aliyetoka kijijini kufuatilia mafao yake, anayeambiwa arudi wiki ijayo, kisha wiki nyingine.

Wenzetu waliotutangulia, waliofanya kazi kwa taipureta, hawakuwa na uzembe huu. Barua ilichapwa na karatasi ya kaboni chini yake: moja ikaenda kwa mwandikiwa, nyingine ikaingia katika jalada la masjala. Hakuna aliyeona kwamba anafanya jambo la ziada. Tulipopokea kompyuta tuliitupa kaboni pamoja na mazoea yake mema, na hapo ndipo tulipokosea.

Yapo pia mambo yanayodhaniwa kuwa akiba, kumbe sivyo. Diski mbili zinazofanana ndani ya mashine moja zitaibwa pamoja na kuungua pamoja. Hifadhi ya intaneti inayofuata kila badiko itafuata pia kosa: ukifuta jalada hapa, linafutika na kule. Na diski ya nje inayoachwa imechomekwa mwaka mzima itashambuliwa na virusi vile vile vilivyoishambulia kompyuta. Moto wa Machi 10, 2021 katika kituo cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, uliwafundisha hayo kwa uchungu wateja ambao kazi yao na nakala yake vilikuwa katika eneo lile lile.

Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni nyepesi: nakala 3, katika vihifadhi vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe nje ya jengo. Kwa shule yenye kompyuta mbili, maana yake ni diski ya nje inayochomekwa kila Ijumaa, kisha ikachomolewa na kufungiwa kabatini, na nyingine inayokaa katika ofisi ya elimu ya kata. Kwa kuwa majina na alama za watu ni siri, diski hizo zifungwe kwa neno la siri linalojulikana na wakuu wawili, asije mmoja akahama nalo.

Tena nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima. Kwa hiyo tungependa mkuu wa idara na mwalimu mkuu, kabla ya kuomba fedha au semina, amwite mhusika Ijumaa hii, achague jalada moja la mwezi uliopita, amwambie alitoe katika nakala ya akiba bila kuigusa kompyuta yake, kisha aangalie saa.