Siyo Bahati, Ni Mahali Wanaposimama

Jamani, tuache kisingizio cha bahati. Toronto Maple Leafs, timu ya hoki ya barafuni ya Kanada, haijabeba Kombe la Stanley tangu 1967, na ikitolewa tunaambiwa eti kipa wa wapinzani alikuwa na siku yake. Siku ngapi? Mwaka 2023 walicheza mechi tano na Florida. Kila mechi mabao mawili, basi. Mwaka 2024 Auston Matthews katoka kufunga mabao 69 kwenye ligi, mtoano ukaanza, timu nzima ikaambulia mabao 12 katika mechi saba na Boston. Boston walipopungukiwa mchezaji kwa adhabu, mara 21, Toronto walifunga bao moja!

Wengine wanasema hawana moyo. Maneno matupu. Kwenye mtoano, mbele ya goli panajaa miili na magongo, na kipa anayekiona kisahani kikija hudaka. Bao linatokana na kumziba macho, kuligusa shuti njiani, kuwahi anachokitema. Kazi hiyo inauma na haina sifa. Leafs wanazunguka pembeni, pasi safi, tamu kutazama, kama mshairi mwenye vina vyote asiye na la kusema.

Msimu huo wa 2023/24, karibu nusu ya fungu la mishahara lilikwenda kwa washambuliaji wanne mafundi. Wa kupigwa viwiko pale golini alibakiziwa nini? Uongozi ulinunua nakshi, ukasahau msumari. Mashabiki waambiwe hivyo, siyo hadithi za bahati.