Dizeli Haiharibu Land Cruiser

Wanaodai kwamba kuing'oa injini ya petroli ya 1FZ-FE katika Land Cruiser 80 na kufunga 1HZ ya dizeli pamoja na giaboksi ya gia za mkono ni kuliharibu gari, wanapima ubora kwa nguvu peke yake. Ni kweli kwamba 1HZ, yenye lita 4.2 na isiyo na turbo, hupanda mlima kwa uzito. Lakini haitegemei cheche za plagi, na pampu yake, yaani kifaa kinachosukuma mafuta kwenye nozeli kwa shinikizo, haiongozwi na kompyuta, hivyo fundi aliye mbali na mji huweza kuitafutia dawa. Hatari halisi, ambayo wakosoaji hawaitaji, imo kwenye breki: injini hiyo haizalishi yenyewe mvuto wa hewa unaosaidia breki, kwa hiyo pampu ya mvuto, ambayo hukaa kwenye alteneta, ikiachwa, pedali huwa ngumu vibaya. Pingamizi lao lina uzito mtaani Black Rock, Buffalo, kwa kuwa kanuni za Marekani za moshi hutaka injini mbadala ilingane na iliyoidhinishwa humo, na 1HZ haikuuzwa huko. Lakini Maralal nchini Kenya au Goma nchini Kongo, kinachoamua ni spea na fundi.