Programu iko kwenye simu yako, jirani haioni: tatizo liko wapi?

Mama mmoja alitupigia studio wakati wa kipindi cha asubuhi na swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Simu yake ya zamani ina programu ya ushauri wa kilimo na inafanya kazi vizuri. Mwanawe amenunua simu mpya, wakaitafuta programu hiyohiyo kwenye Google Play, hawakuiona. Akauliza kama imefutwa, au mwanawe ameuziwa simu feki.

Nililipeleka swali kwa kijana mmoja anayetengeneza programu za simu hapa mkoani. Akasema huenda simu ni nzima na programu haijafutwa.

Google ina masharti ya kila mwaka. Tangu 31 Agosti 2025, programu mpya, au ya zamani inayoletewa marekebisho, lazima iwe imetengenezwa kwa kulenga Android 15. Ile isiyoguswa inabaki dukani, lakini kama imelenga Android iliyo chini ya 14, mwenye simu ya Android mpya kuliko hiyo, ambaye hakuwahi kuipakua, haioni. Aliyekwisha kuipakua anaendelea nayo. Sababu yao ina uzito: programu iliyolenga Android ya zamani inaweza kukwepa baadhi ya ulinzi mpya wa faragha yako.

Basi kwa nini mtengenezaji asibadilishe tu hiyo namba? Hapo ndipo penye kazi.

Anachoandika fundi hakiingii simuni kilivyo. Hupitishwa kwenye zana kadhaa zinazokigeuza kuwa faili la kusakinisha. Nyingi ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichungulia ndani na kuzirekebisha bila malipo. Kwa Android kuna Gradle, ambayo ni kama msimamizi wa ujenzi. Kuna kiungo kinachoifundisha Gradle kujenga programu za Android. Na chini yake kuna Java. Kila moja ina watu wake, kalenda yake na namba zake za toleo.

Sasa fuata mnyororo. Kwa Android 15, maelekezo ya Google yanataka kiungo toleo la 8.6 au zaidi. Kiungo hicho kinadai Gradle 8.7 na Java 17. Chukua fundi mwenye mradi wa mwaka 2020 unaotumia Gradle 6. Akianza kwa kuweka Java 17, Gradle yake inakwama na kutoa ujumbe wenye namba 61. Haimwambii kwamba Java ni mpya mno. Inataja 61 tu, namba ya ndani inayomaanisha Java 17. Akirudi Java 11 na kuweka kiungo kipya, kiungo nacho kinagoma, kinataka 17. Kijana wetu alipoteza siku tatu hapo, na alikuwa hajagusa hata neno moja la ushauri wa kilimo.

Wenye mashine za kusaga wataelewa. Umenunua mashine mpya, mkanda wa zamani haukai kwenye puli. Umepata mkanda, mota haina nguvu ya kutosha.

Kuna na vipande vidogo ambavyo mafundi huazima kwa wenzao, vikihifadhiwa kwenye maghala ya mtandaoni. Ghala moja lililotegemewa sana na watu wa Android, JCenter, lilitangazwa Februari 2021 kuwa linafungwa. Miradi iliyolielekea ikalazimika kutafuta vipande vilevile kwingine, na ambavyo wenyewe hawakuvihamisha, basi tena.

Sizilaumu zana. Java ya zamani isiyoletewa marekebisho ni mlango wazi kwa wezi. Ninachoona kimekaa vibaya ni nani analipia. Nimetangaza uzinduzi wa programu za wakulima na za kliniki zaidi ya mmoja, pamoja na hotuba zake na fulana zake. Sijasikia hata siku moja mtu akitaja fungu la mwaka wa tatu, la kumlipa fundi akae na ile namba 61. Fedha za mradi zikiisha, programu inabaki kwenye simu za zamani tu.

Ukiambiwa kijijini mtaletewa programu, uliza nani ataitunza, na kwa fedha ipi. Ukurasa wa programu kwenye Google Play pia unaonyesha tarehe ya mwisho iliporekebishwa. Ikipita miaka miwili, jiandae.

Mama yule alikuwa ameshashauriwa kuchukua faili kutoka kundi la WhatsApp. Tulimwomba asifanye hivyo, kwa sababu faili linalopita mikononi mwa watu usiowajua linaweza kuwa limechezewa. Kwa sasa mwanawe anaazima simu ya mama. Tumewaandikia walioitengeneza programu hiyo, na jibu likija tutalisoma hewani.